Aliyetunga Nani?

Fomu ilikuwa na ukurasa mmoja tu, lakini ilitukalisha barazani saa tatu. Juu iliuliza jina la wimbo. Chini yake kulikuwa na jedwali: mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji, na mwisho wa kila mstari kisanduku chenye alama ya asilimia. Jumla ilitakiwa iwe 100.

Tuko wanne. Tunakutana kila Ijumaa baada ya Isha kwenye baraza moja ya Miembeni, Unguja, na huu ni mwaka wetu wa tatu. Mmoja ana gitaa, mmoja ana kinanda na kompyuta yenye programu ya kurekodia, mmoja ana sauti ambayo Mungu hakutugawia sisi wengine, na mimi nina daftari. Kila mtu huja na alichonacho: beti mbili, kipande cha sauti alichojirekodi kwenye simu akiwa ndani ya daladala, au malalamiko matupu. Wengine husikiliza, hukosoa, hurekebisha. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wimbo wetu mmoja ulimpata mtu aliyetaka kuutumia katika filamu fupi. Akatuomba kitu ambacho hatukuwahi kukifikiria: tumwonyeshe kwa maandishi nani mwenye wimbo.

Nilipouleta wimbo huo barazani kwa mara ya kwanza, ulianza hivi: "Nimekungoja gatini, mpaka jua likatua." Nilikuwa nimeridhika nao. Kijana wa nyumba ya pili, ambaye alikuja kuchaji simu tu kwa sababu kwao umeme ulikuwa umeisha, akasema kipande cha pili kimezidi. Akahesabu kwa vidole: m-pa-ka-ju-a-li-ka-tu-a. Mizani tisa. "Sema hata," akasema. "Hata jua likatua." Ukakaa sawa.

Kisha akaja Shangazi. Si shangazi wa mmoja wetu, lakini mtaa mzima unamwita hivyo. Alikuwa akikaanga bajia hatua chache kutoka tulipokaa, akauliza bila kugeuka: "Na kwa nini angoje yeye? Kila siku mwanamke ndiye wa kungoja. Mgeuzieni." Tukamgeuzia: "Umeningoja gatini, hata jua likatua." Mizani ni zilezile nane kwa nane. Lakini wimbo uliokuwa wa kulia ukawa wimbo wa mwanamke aliyeamua kutorudi, na beti zote zilizofuata ikabidi niziandike upya.

Sasa jazeni asilimia.

Mwenye kinanda alisema 40 zake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekesha akipanga muziki. Mwenye sauti alisema bila yeye kuna karatasi tu. Mimi, na ninaona haya kuliandika hili, nilisema maneno ni yangu. Mwenye gitaa hakusema kitu. Alilitia gitaa lake kwenye mfuko, akaaga, na Ijumaa iliyofuata hakuja.

*

Wakati huo nilikuwa nasoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mada yangu ni maisha ya Ng'ambo ya Unguja katika miaka ya 1920, na hakuna anayeweza kuisoma Ng'ambo ya miaka hiyo bila kukutana na Siti binti Saad. Nilidhani namjua. Kila mtoto aliyesoma skuli hapa anamjua: mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri kwa Kiswahili. Baada ya ugomvi wetu wa asilimia nikarudi kwenye kurasa zilezile nikiwa na swali jipya. Nyimbo zile alizitunga nani?

Ng'ambo, kama jina lenyewe linavyosema, ilikuwa upande wa pili. Hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wadogo: watumwa wa zamani na watoto wao, watu wa bara, wavuvi, wachukuzi, wafuaji nguo, wajenzi wa nyumba za udongo. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1897, lakini kufutwa kwenye karatasi hakukumpa mtu kiwanja. Wengi wa Ng'ambo walimiliki kuta na paa tu. Ardhi chini yake ilikuwa ya mwingine, na aliyetaka kuishi alilipa kodi ya ardhi.

Siti alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, akapewa jina la Mtumwa. Alijifunza kufinyanga vyungu kwa mama yake, akawa anavitembeza mjini kuviuza, na inasimuliwa kuwa sauti yake ya kutangaza vyungu ndiyo iliyoanza kumtangaza yeye mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Muhsin Ali, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, ambaye alimfundisha kuimba kwa ala.

Hapa inafaa tukumbuke taarab ilikuwa nini wakati huo. Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, na aliporudi muziki ukawa wa kasri. Mwaka 1905 vijana wa Mji Mkongwe wakaunda Ikhwani Safaa, chama cha ndugu wenye nia safi, wakajifunza pamoja udi, kanuni na fidla. Waliimba Kiarabu. Kwa hiyo hata chanzo cha taarab nje ya kasri ni kikundi: watu waliokaa chumba kimoja jioni, huyu akimwonyesha yule mahali pa kuweka kidole.

Siti akakichukua chumba hicho akakivusha upande wa pili wa hori, na lugha ikabadilika. Waliokaa naye ni Subeit bin Ambar, Maalim Shaban, Budda bin Mwendo na Mbaruk Talsam. Hawakuwa watu wa kasri, ingawa kasri liliwaita waje kuimba. Waliimba Kiswahili, na walichokiimba kilitoka mtaani.

*

Mwanahistoria Laura Fair alizungumza na wazee waliozikumbuka jioni za nyumbani kwa Siti. Anachokieleza kinafanana na baraza yetu kuliko nilivyotarajia. Wanamuziki walikutana nyumbani kwake kufanya mazoezi. Majirani na marafiki nao walikuja, maana mlango haukufungwa. Watu walileta habari za siku: nani kaachwa, nani kapelekwa mahakamani, nani kala mali ya nani. Habari ikizungumzwa vya kutosha huanza kupata sura ya beti. Mmoja anatoa mshororo, mwingine anausukuma, sauti inatafutwa kwenye udi, na waliokaa pembeni hawanyamazi. Wimbo ulipofika harusini au kwa tajiri wa Mji Mkongwe, ulikuwa umekwisha kupitia masikio ya watu wengi wasiolipwa chochote.

Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha watunzi anajua thamani ya masikio hayo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtunzi peke yake hasikii mizani iliyozidi. Moyo wake unaijaza pengo ambalo mdomo utajikwaa. Anahitaji mtu mwingine asome kwa sauti na kujikwaa mbele yake. Anahitaji pia mtu asiyejali ushairi hata kidogo, ambaye atauliza swali la Shangazi: kwa nini angoje yeye?

Chumba cha Siti kilikuwa na kazi nyingine, nzito zaidi. Ng'ambo haikuwa na gazeti lake wala mjumbe wa kuisemea. Mahakama ilikuwepo, lakini ilikuwa mahakama ya wenyewe. Ndiyo maana wimbo uitwao "Kijiti" unastahili kutazamwa polepole.

Kisa chake, kama Fair anavyokisimulia, ni hiki. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea. Alitoka usiku na wenziwe kwenda kwenye starehe, na mwanamme aitwaye Kijiti akamfanyia ukatili na kumuua. Kijiti akavuka bahari kukimbilia bara, hakukamatwa. Wanawake waliokuwa na marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi, na mahakama ikawageukia wao. Mashahidi ndio waliopata adhabu.

Jambo kama hilo likitokea mtaani kwako utalisemea wapi? Rufaa ni ya wenye pesa na wakili. Barua kwa mkubwa itaandikwa na nani, katika mtaa ambao wengi hawakufundishwa kuandika? Kilichobaki ni chumba cha jioni. Wimbo ukatengenezwa, ukaimbwa, ukamtaja muuaji kwa jina na ukasimulia yaliyowapata mashahidi. Hukumu ambayo mahakama iliikataa, watu waliitoa wenyewe, na kwa kuwa ilikuwa na vina na sauti nzuri haikusahaulika.

Wakati nasoma haya, nilijaribu kuijaza fomu yetu kwa ajili ya "Kijiti". Mtunzi wa maneno: nani? Yule aliyeleta habari? Aliyeipangia vina? Jirani aliyesema, hapana, anzeni na mgeni, msianze na muuaji? Sikupata jibu, na nikaanza kufikiri kwamba huenda kukosekana kwa jibu hakukuwa ajali. Wimbo unaomtuhumu hakimu ni wimbo wa hatari. Ukiwa na mtunzi mmoja, huyo mmoja ataitwa. Ukiwa wa mtaa mzima, mtaa mzima hauingii kizimbani.

*

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili. Wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi, wakasimama pamoja dhidi ya wenye viwanja. Na mwaka huohuo Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV.

Safari ile imesimuliwa mara nyingi kama ushindi, na ilikuwa ushindi. Santuri zilienea pwani na bara, zikapigwa kwenye gramafoni za majumbani na za migahawa ya kahawa, na watu ambao hawakuwahi kuiona Unguja wakajifunza kuitika nyimbo za Ng'ambo. Bila santuri zile mimi nisingekuwa na tasnifu ya kuandika.

Lakini santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika 3 kila upande. Wimbo uliozoea kuchukua muda wake, ukisubiri watu waje kutuza, ukirudia ubeti uliomchoma mtu, ulilazimika kujikunja. Na wimbo uliobadilika kila jioni ukasimama mahali pamoja. Tena palikuwa na karatasi ya duara katikati ya santuri. Ilikuwa ndogo, haikuwa na nafasi ya mtaa. Iliandikwa jina la mwimbaji. Zipo zenye jina la Siti, zipo zenye majina ya wenzake walipoimba wao. Aliyeuliza "kwa nini angoje yeye" hakuandikwa popote.

Baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wa Siti, kitabu kilichotoka mwaka 1958, miaka minane baada ya kifo chake. Ni kitabu chenye mapenzi na heshima, na kilimpa Siti nafasi ambayo wanawake wachache wa wakati wake waliipata kwa maandishi. Lakini wasifu, kwa asili yake, ni wa mtu mmoja. Karatasi ya santuri na kitabu vikatufundisha kumwona Siti amesimama peke yake, na sisi skulini tukamjibu mwalimu hivyohivyo.

Chumba chenyewe hakikufa. Unguja iliendelea kutunga kwa vikundi. Katika klabu za taarab mmoja huleta shairi, mwingine hulitia sauti, mwimbaji huchaguliwa kulingana na sauti ilivyokaa, kisha wote hufanya mazoezi usiku baada ya usiku, wakikata hapa na kuongeza pale. Hadi leo wasikilizaji husema "wimbo wa Culture" au "wimbo wa Ikhwani Safaa" kabla ya kukumbuka jina la mtu.

Klabu za wanawake nazo, kama Nuru l-Uyun na Sahib el-Ari zilizoshindana katikati ya karne iliyopita, zilikuwa na utaratibu unaonivutia zaidi ya yote. Mwenye jambo lake hulipeleka kwa mjuzi wa kutunga. Maneno hufungwa kwa mafumbo. Wimbo hufanyiwa mazoezi kwa siri ili wapinzani wasije wakaandaa jibu mapema. Na siku ya siku huimbwa kwa jina la klabu. Aliyelengwa hujijua. Mwenye jambo huinuka kutuza pale ubeti wake unapofika, na kila mwenye macho anaelewa. Lakini kwenye karatasi hakuna jina lake.

*

Nilirudi barazani na habari hizi kama mtu aliyebeba dawa. Niliwaambia wenzangu kwamba majina ni mambo ya makampuni ya santuri, kwamba wazee wetu walitunga bila asilimia, kwamba tuandike "kikundi" na tumalize.

Mwenye sauti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza: "Wale majirani waliokuwa wakisaidia kwa Siti, walipata nini?"

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekipamba chumba kile mpaka nikasahau kwamba ushirika ni pazia pia. "Wimbo wa wote" mara nyingi humaanisha kwamba aliyezoea kupata ndiye atakayepata, na wengine watashukuriwa kwa mdomo. Wanawake waliokaa pembeni ya chumba, wakitoa neno moja linalogeuza wimbo mzima, wamepotea kwenye historia kwa sababu hakuna aliyewauliza majina. Fomu yetu, pamoja na ukavu wake, ilikuwa angalau inauliza.

Basi tukakubaliana kufanya kama fomu inavyotaka, lakini kwa haki. Mwenye sauti alikwenda nyumbani kwa mwenye gitaa, wakazungumza, na Ijumaa ile akarudi, hatukuulizana mengi. Tulianza upya, mstari kwa mstari, tukikumbuka nani alisema nini. Sisi wanne tukapeana sawa. Kijana wa kuchaji simu tukamwekea asilimia 5 kwa neno lake moja, "hata". Alicheka sana, akaomba apige picha fomu yenye jina lake ampelekee mama yake.

Ikabaki asilimia 5 ya Shangazi. Nilimfuata jikoni kwake na kalamu, nikamweleza: "Shangazi, wimbo ule umeugeuza wewe. Tunataka tuandike jina lako."

Aliendelea kutoa bajia kwenye mafuta, moja moja, mpaka karai likawa tupu.

"Jina langu usiliandike, mwanangu," akasema.

Nilidhani anaona haya. Nikamwambia ni haki yake, kuna pesa, hata kama ni kidogo.

"Pesa nileteeni. Jina liacheni." Akafuta mikono. "Aliyengoja pale gatini yupo. Anaishi hapahapa Unguja, ana wake na wajukuu. Akiusikia atajua mwenyewe. Jina la nini tena?"

Nilisimama pale na fomu yangu, nikafikiria kazi yote niliyoifanya mwaka mzima. Kila nilipokuta pengo kwenye nyaraka, pahali ambapo jina la mwanamke wa Ng'ambo lilistahili kuwepo na halipo, niliandika kwamba limefutwa, limesahauliwa, limenyimwa nafasi. Mara nyingi ni kweli. Sikuwahi kuandika kwamba huenda mwenyewe alisema usiliandike. Huenda kati ya wale waliokaa chumbani kwa Siti yumo aliyeleta kisa chake, akakiona kikipata vina, akakisikia kikiimbwa mbele ya aliyemdhulumu, na hilo likamtosha. Sasa najua kwamba mapengo yapo ya namna mbili, na kwamba nikiwa mbali ya miaka 100 siwezi kuyatofautisha kwa kuyatazama tu. Nimelazimika kuirudia sura nzima ya tasnifu kwa sababu ya karai la bajia.

Kwenye fomu, asilimia 5 za mwisho tulizigawa kwetu kwa maandishi, na kwa mdomo tukaahidiana kumfikishia Shangazi kila zitakapoingia. Malipo ya kwanza yalikuwa madogo sana. Nilimpelekea fungu lake likiwa limekunjwa kwenye karatasi ya daftari. Hakulihesabu. Alinipa bajia nne, akaniuliza kama filamu ile itaonyeshwa Unguja au bara tu.

Nikamwambia Unguja pia.

"Vyema," akasema, akaongeza moto.